Kupanga Nambari kwa Kuhesabu

Njia iliyozoeleka ya kupanga nambari, toka ndogo hadi kubwa, ni kulinganisha mbili mbili na kuuliza ipi itangulie. Njia hiyo ina mpaka uliothibitishwa kwa hesabu: nambari milioni 1 zikiwa zimechanganyika, hapana utaratibu wa kulinganisha uwezao kuhakikisha kazi itakwisha kwa maulizo yaliyo chini ya milioni 18. Lakini mpaka huo wamhusu alinganishaye tu.

Ikiwa yajulikana tangu mwanzo kwamba nambari zote ni kamili, nazo hazitoki nje ya kiasi fulani, yatosha kuhesabu. Tuseme zimeletwa 3, 1, 4, 1, 3, 0, 3, na hapana ipitayo 4. Huwekwa vyumba vitano, cha 0 mpaka cha 4, na kila nambari isomwapo, chumba chake huongezewa moja. Mwishowe vyumba vyasema: 0 mara moja, 1 mara mbili, 2 hapana, 3 mara tatu, 4 mara moja. Kwa kujumlisha hesabu zilizotangulia, hujulikana kwamba 0 itakaa mahali pa kwanza, 1 zitaanzia pa pili, 3 pa nne, na 4 pa saba. Nambari husomwa tena kwa mfuatano wake wa asili, na kila moja hutiwa mahali pake. Kazi hukua sawasawa na wingi wa nambari pamoja na idadi ya vyumba. Utaratibu huu ulielezwa na Harold H. Seward mwaka 1954, katika tasnifu yake huko Massachusetts, Marekani.

Kasoro yake ni vyumba: nambari za tarakimu kumi zingedai vyumba bilioni 10. Dawa ni kupanga kwa tarakimu moja moja, kuanzia mamoja. Hivyo 32, 31, 12 huwa kwanza 31, 32, 12. Kisha kwa makumi huwa 12, 31, 32. Katika duru ya pili 31 na 32 zina tarakimu moja ya makumi. Kama zisingehifadhi mfuatano wa duru ya kwanza, kazi yote ingeharibika. Kwa hiyo vilivyo sawa havina ruhusa ya kupitana.

Jambo hili lamfaa pia mtungaji wa kamusi. Kiswahili chaandikwa kwa herufi 24; ritifaa ikiachwa kando, vyumba 25 vyatosha, kimoja kikiwa cha nafasi tupu, nacho hutangulia a, ili “pa” lije kabla ya “paa”. Maneno yasiyozidi herufi 12 hupangika kwa duru 12, yakianzia herufi ya mwisho, yawe elfu moja au laki moja. Ajuaye mipaka ya vitu vyake hana haja ya kuvishindanisha.