Familia wenyeji wa Goma: mzigo unavyobebwa na unapoelemea

Vita au volkano inapowatoa watu makwao karibu na mji wa Goma, macho ya dunia huelekea kambini, kama zilivyokuwa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Lakini katika jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kwa miaka mingi, wengi wa waliokimbia hawakulala chini ya turubai. Wamelala katika nyumba za watu. Ili kuelewa mji huu unavyomudu misiba yake, ni lazima tuelewe kinachotendeka ndani ya nyumba hizo.

Tuanze na istilahi. Mkimbizi, kwa maana ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake kutafuta usalama. Mkimbizi wa ndani amelazimika kuacha kwake, ila hajavuka mpaka. Huyu analindwa na Mkataba wa Kampala, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika mwaka 2012. Familia mwenyeji ni kaya inayompa mmoja wao makazi bila mkataba wa kupanga. Goma imepakana na mji wa Gisenyi, Rwanda, kiasi kwamba mtaa mmoja uko Kongo na unaofuata uko nchi nyingine. Kwa hiyo mtu anaweza kulala Jumatatu akiwa mkimbizi wa ndani, na Jumanne akawa mgeni ughaibuni, kwa mwendo wa miguu tu.

Kupokelewa nyumbani kwa mtu hupitia hatua nne. Hatua ya kwanza ni kumpata mwenyeji. Hapa njia ni tatu. Ya kwanza ni undugu: shangazi, shemeji, mtoto wa kaka aliyekuja mjini kusoma. Ya pili ni dini, kwa kuwa parokia au msikiti humkabidhi mgeni kwa muumini mwenye chumba. Ya tatu ni biashara. Mama aliyekuwa akileta maharage kutoka Masisi ana mteja wake katika mtaa wa Birere, mjini Goma, na siku ya kukimbia namba ya mteja huyo ndiyo anayoipigia. Asiye na hata njia moja kati ya hizi huishia shuleni, kanisani au, kambi zilipokuwepo, kambini. Ndiyo maana kuwa kambini si kipimo cha uhitaji peke yake. Mara nyingi ni kipimo cha kukosa mtu wa kumpigia simu.

Hatua ya pili ni nafasi. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao na mabati, zimejengwa juu ya mawe ya volkano. Chumba kinaweza kugawanywa kwa pazia, lakini choo hakigawanyiki. Mwamba ni mgumu kuchimba, shimo huwa fupi, na watu wakiongezeka maradufu hujaa mapema. Maji nayo ni ya kubebwa kwa bidoni, mengine kutoka ziwani. Mji huu unajua hatari ya magonjwa inayotokana na hali hiyo: Julai 1994, Wanyarwanda wapatao milioni moja walipoingia Goma na maeneo yake, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika muda wa majuma machache.

Hatua ya tatu ni chakula na kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hekima hiyo inadhania kwamba mwenyeji ana shamba. Goma hakuna shamba la kumgawia mtu. Mashamba yako Masisi na Rutshuru, kulekule mgeni alikokimbia. Mkulima hodari anafika mjini na ujuzi usio na ardhi ya kuutumia. Atachota maji, atafua, ataenda kubeba mizigo sokoni, na jioni atachangia ugali na sombe kwa kadiri ya alichopata. Mchango huo hulinda heshima yake, lakini mara chache hutosheleza sahani alizoongeza.

Hatua ya nne ni muda. Mwenyeji hukubali akiwaza majuma, na vita huleta miezi. Akiba ya kaya huisha kwanza, kisha ada ya shule hucheleweshwa, kisha mlo mmoja hufutwa. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zikavunjwa, na baadhi ya waliokuwa humo wakatafuta tena milango ya watu. Wageni waliongezeka wakati uleule kipato cha wenyeji kilipokauka.

Kwa nini basi familia hizi hazikatai? Jibu limo katika kumbukumbu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya mji, na wakazi kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye mamlaka ikaamuru mitaa kumi ihame. Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu wakapokea watu wa Goma. Februari 2024 mapigano yalipofika Sake, watu wa Sake ndio waliokimbilia Goma. Kupokeana huku kunafanana na likelemba, upatu wa akina mama wa sokoni: leo unatoa, kesho ni zamu yako. Tofauti ni kwamba katika likelemba kiasi na tarehe vinajulikana, na hapa hakuna anayejua zamu itaanza lini wala itaisha lini.

Tunafika kwenye msaada. Mashirika huona wepesi kugawa kambini, kwa sababu watu wako mahali pamoja na wanahesabika. Matokeo yake ni kwamba aliye nyumbani kwa shangazi hupata kidogo au hapati, na shangazi mwenyewe hahesabiwi kabisa. Kambi zilipokuwepo, baadhi ya familia zililazimika kumpeleka mmoja wao huko ili tu aandikishwe. Wapo wanaojibu kwamba kuhesabu nyumba kwa nyumba ni vigumu na kunakaribisha udanganyifu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini orodha za kambi nazo zilikuwa na majina hewa, na viongozi wa mitaa, makanisa na misikiti wanajua vizuri nani amepokea nani. Tena Mkataba wa Kampala, katika ibara ya 9, unazitaka nchi kufikisha msaada kwa jamii zinazopokea pia, panapofaa.

Hukumu yetu ni hii: ukarimu wa Goma ni mfumo wenye kikomo, na kikomo hicho kinajulikana: choo, maji, chakula na muda. Anayetaka kuwasaidia wakimbizi wa mji huu aandike majina mawili katika kila orodha, la mgeni na la mwenyeji wake, na msaada uwafikie wote wawili.