Ukiitwa Kushuhudia Upekuzi kwa Jirani

Isongole ya Rungwe, kata iliyo kando ya barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu na Kasumulu (ile ya Ileje, mpakani na Malawi, ni nyingine), huamka mapema. Kuna viazi vya kuchimba na magunia ya kupakia, na malori yanateremka kwenda Kyela usiku na mchana. Gari la polisi likiacha lami na kuingia njia ya udongo alfajiri, kitongoji kizima hupata habari kabla ukungu haujanyanyuka. Wengine hutoka kuchungulia, wengine hufunga milango. Kisha mwenyekiti wa kitongoji anabisha hodi kwako: "Mzee, unahitajika hapo kwa jirani. Kuna upekuzi, afande anataka shahidi."

Wanaobishiwa hodi namna hiyo huangukia makundi mawili. Wapo wanaojificha uvunguni, wakiamini kwamba kushuhudia ni kumsaliti jirani. Wapo pia wanaokwenda, wakasimama uani dakika chache, kisha wakatia sahihi kila karatasi waliyopewa ili warudi shambani. Wote wawili wanamdhuru jirani, na wanaidhuru haki. Shahidi wa upekuzi hajaitwa kuwasaidia polisi, wala hajaitwa kumtetea mtuhumiwa. Amekwenda kuwa macho ya hakimu, ambaye asubuhi ile yuko mbali na ambaye miezi kadhaa baadaye atatakiwa kuamua kilichotokea ndani ya chumba asichopata kukiona.

Ruhusa ya kuingia

Tuanzie mlangoni. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake, familia yake na maskani yake. Haki hiyo inaweza kuingiliwa, lakini kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985.

Watu wengi hudhani kwamba hati ya upekuzi lazima itoke mahakamani. Si lazima. Kifungu cha 38 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kuwa ndani ya nyumba fulani mna kitu kinachohusiana na kosa, kupekua yeye mwenyewe au kumpa askari wa chini yake idhini ya maandishi. Idhini ikishatolewa, hakimu anapaswa kuarifiwa mapema iwezekanavyo kwamba imetolewa, kwa sababu gani, na upekuzi umezaa nini. Hati hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, siku yoyote ikiwemo Jumapili. Kuitekeleza usiku kunahitaji ruhusa ya mahakama.

Upo mlango mwingine, nao ni dharura. Kifungu cha 42 kinamruhusu polisi kuingia bila hati pale anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba akichelewa ushahidi utapotea au kuharibiwa, na kwamba uzito na uharaka wa jambo haumpi nafasi ya kutafuta kibali kwanza. Mlango huu si wa kupitia kila siku. Mwaka 2018 polisi walipekua nyumba ya mume na mke huko Tegeta, Dar es Salaam, wakaeleza kwamba wamekuta heroini ya zaidi ya gramu 250. Mahakama Kuu iliwafunga miaka 20. Walipokata rufaa, katika Rufaa ya Jinai Namba 694 ya 2020, Mahakama ya Rufani iliwaachia huru. Upekuzi ulifanyika bila hati, na mazingira yake hayakuwa ya dharura. Ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo haukuweza kubeba hukumu.

Wewe shahidi huna mamlaka ya kuzuia upekuzi kwa sababu hujaonyeshwa hati, na kumzuia polisi kazini ni kosa. Lakini unaweza kuuliza kwa adabu kama hati ipo, na unaweza kuikumbuka saa. Kama ilikuwa saa kumi usiku, ilikuwa saa kumi usiku. Usiigeuze kuwa saa moja asubuhi kwa sababu karatasi imeandikwa hivyo.

Kwa nini jirani?

Kifungu hicho cha 38 kinaagiza kwamba polisi akichukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya kukiri kukichukua, na iwe na sahihi ya mwenye nyumba au anayeishi humo, au ndugu yake wa karibu, au mtu anayeimiliki kwa wakati ule, pamoja na sahihi za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Tazama mpangilio huo: ndugu amewekwa upande wa mwenye nyumba, na shahidi amewekwa peke yake. Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi, maarufu kama PGO, namba 226, nazo zinataka upekuzi ufanyike mbele ya mashahidi huru. Mahakama ya Rufani imeshaeleza shabaha ya sahihi hizi: kuhakikisha kwamba kitu kilichopelekwa mahakamani kimetoka mahali panapotajwa, wala hakikutoka kwingine.

Hapa Rungwe, wazo la jirani asiye ndugu kuwa mtu wa kuaminiwa lina mizizi mirefu. Watafiti Godfrey na Monica Wilson walioishi Unyakyusa miaka ya 1930 walikuta vijiji vilivyojengwa na watu wa rika moja badala ya watu wa ukoo mmoja, na Monica aliandika habari zake katika kitabu Good Company, kilichotoka 1951. Aliyejua mwenendo wa nyumba yako alikuwa mwenzako wa rika aliyejenga kando yako. Sheria ya leo inamtafuta mtu wa namna hiyo hiyo: wa karibu kiasi cha kuijua nyumba, na wa mbali kiasi cha kutokuwa na chake ndani yake.

India, ambayo sheria zake za enzi ya ukoloni ziliacha alama kubwa katika sheria za Afrika Mashariki, iliagiza katika sheria yake ya 1973 kwamba upekuzi ushuhudiwe na wakazi wawili au zaidi wa mtaa husika, walio huru na wenye heshima. Sheria mpya iliyoanza kutumika huko Julai 2024 imeongeza sharti la kurekodi upekuzi kwa sauti na picha. Kwetu, mzigo mkubwa bado uko kwenye macho na kumbukumbu za mtu aliyesimama pale.

Nani basi si shahidi huru? Mtoa taarifa aliyewaleta polisi si huru. Mtu aliyekuja ndani ya gari lao ana maswali ya kujibu. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba na mwenye nyumba naye aseme mapema, ili atafutwe mwingine. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji anafaa, na ndiye anayeitwa mara nyingi, lakini si lazima awe kiongozi.

Tusidanganyane pia upande wa pili. Kukosekana kwa shahidi huru hakuui kesi papo hapo. Sheria ya Ushahidi haitaki idadi maalumu ya mashahidi kuthibitisha jambo, na mahakama hupima mazingira: palikuwa porini au kijijini, palikuwa na nafasi ya kumpata mtu au la. Ila polisi waliokuwa katikati ya kijiji chenye nyumba zilizobanana wakashindwa kumwita hata mtu mmoja, watatakiwa kueleza kwa nini.

Ndani ya nyumba

Kazi ya shahidi huanza kabla mtu yeyote hajavuka kizingiti. Katika kesi nyingi askari huiambia mahakama kwamba walipekuliwa wao kwanza ili ionekane hawakuingia na kitu. Ni utaratibu mzuri, unamlinda askari mwema kuliko mtu mwingine yeyote. Kama ulifanyika, uwe umeuona. Kama haukufanyika, uweze kusema haukufanyika.

Pili, shahidi ana macho mawili tu. Nyumba ina sebule, vyumba viwili, jiko la nje na stoo ya viazi. Askari wanne wakitawanyika kwa wakati mmoja, mmoja stoo, mwingine chumbani, wewe umebaki sebuleni na mwenyekiti, basi umeshuhudia sebule peke yake. Hapo una haki ya kusema kwa upole: "Afande, naomba twende chumba kimoja kimoja, nami nione." Askari anayejua kazi atakubali, maana anajua wakili wa utetezi atauliza swali hilo siku ya kesi.

Tuseme katika stoo hiyo kuna magunia kumi ya viazi, na kwenye moja limetolewa furushi la nailoni lenye majani makavu. Yanayohesabika ni haya: gunia lilikuwa wapi, nani alilifungua, mkono wa nani ulitoa furushi, lilikuwa limefungwa kwa kitu gani, na mwenye nyumba alisema nini lilipotoka. Usiseme umeona bangi. Kwamba ni bangi ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuthibitisha. Wewe umeona majani makavu ndani ya nailoni. Ukiitwa baada ya furushi kutolewa na kuonyeshwa likiwa juu ya meza, umeona furushi juu ya meza. Hukuona likitoka kwenye gunia, na tofauti hiyo inaweza kuwa miaka ya mtu gerezani au uhuru wake.

Na kama anayepekuliwa mwilini ni mwanamke, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha.

Karatasi na sahihi

Mwisho wa upekuzi hujazwa hati ya ukamataji mali. Mara nyingi huandikwa kwa kalamu, juu ya boneti ya gari au juu ya goti, huku kila mtu akiwa na haraka. Hapa ndipo shahidi anapotakiwa kuwa mgumu kidogo.

Soma yote. Kama husomi vizuri, omba isomwe kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Angalia tarehe, saa, mahali, na orodha ya vitu: idadi, rangi, alama, namba ya simu au ya pikipiki kama ipo. Maneno kama "simu moja" hayatoshi. Ni simu ya aina gani, rangi gani? Chini ya kitu cha mwisho kilichoandikwa mara nyingi hubaki mistari mitupu. Omba ichorwe mstari, ili asije mtu kuongeza kitu kingine jioni. Usitie sahihi kamwe kwenye fomu tupu, hata kama aliyekuomba ni mtu mnayefahamiana. Na usitie sahihi kituoni kwa upekuzi ambao hukuuona nyumbani.

Kama kuna usiloafiki, andika kando ya sahihi yako: "Nimeona vitu namba 1 hadi 3 tu." Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima. Ukirudi nyumbani, chukua daftari uandike ulichokiona kingali kibichi, kwa maneno yako.

Daftari hilo lina sababu. Kitu kilichokamatwa hupita mikono mingi: askari, mtunza vielelezo, mkemia, mwendesha mashtaka. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007, ambayo mawakili huitaja kwa jina la Paulo Maduka, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba safari hiyo inatakiwa kuwekewa kumbukumbu hatua kwa hatua. Baadaye mahakama hiyo ilieleza kwamba ukali wa sharti hili hutegemea kitu chenyewe: unga unaoweza kubadilishwa kirahisi unahitaji uangalifu kuliko gari au pembe ya ndovu. Lakini safari yote huanzia pale ulipokuwa umesimama wewe. Shahidi akiyumba kuhusu hatua ya kwanza, zinazofuata huyumba pia.

Wito wa mahakama ukifika, nenda, hata kama ni msimu wa kuvuna viazi. Asiyetii wito anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Na anayedanganya chini ya kiapo, awe anambeba jirani au anawabeba polisi, anatenda kosa ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka saba. Mwenye hofu ya kulipiziwa kisasi ajue kwamba tangu 2015 nchi ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, na amweleze mwendesha mashtaka mapema.

Baada ya gari kuondoka

Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Kipengele hicho kinamhusu hakimu, lakini hata kijiji kinaweza kukiheshimu. Picha ya jirani mwenye pingu ikisharushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hukumu ya Mahakama ya Wilaya haitaifuta hata ikimwachia huru. Watoto wake watakwenda shule na watoto wako kesho asubuhi. Mkewe bado atateka maji pale pale mnapoteka ninyi. Kumpelekea chakula au kumwelekeza kwa watoa msaada wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hakukuondolei uhuru wako kama shahidi. Kinachokuondolea ni kukaa na upande wowote mkapanga cha kusema mahakamani.

Kwa hiyo ukibishiwa hodi, usikimbie. Nenda, simama mahali unapoona, soma kabla ya kusaini, saini ulichokiona tu, na siku ya kesi uyaseme hayo hayo bila kuongeza wala kupunguza. Kama jirani ana hatia, atahukumiwa kwa haki. Kama hana, huenda wewe ndiye mtu pekee mwenye uwezo wa kumrudisha nyumbani.