Tofali la Mpangaji

Chumba nilichoonyeshwa Bujora kilikuwa na mlango mpya ambao bado ulinukia mbao, dirisha la nondo bila kioo wala wavu, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri. Kuta hazikuwa zimepigwa lipu. Nje, hatua tatu tu kutoka kizingitini, palikuwa na rundo la matofali ya kuchoma, lori moja la mchanga uliokwisha kuchimbwa na kuku, na msingi uliofika usawa wa goti. "Hicho ndicho chumba cha pili," mama mwenye nyumba aliniambia. "Ukilipa ya miezi sita, fundi anarudi Jumatatu."

Hakuona haya kusema, na hakuna sababu ya kuona haya. Tunalalamika sana juu ya kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, tukidhani ni roho mbaya ya wenye nyumba. Wengine wanayo, sikatai. Ila ukikaa Bujora utaona jambo jingine: mwenye nyumba wa huku hana mshahara wa kupeleka benki akopeshwe. Benki yake ni mpangaji. Fedha yangu inaingia kwenye tofali kabla sijalala usiku wa kwanza, na chumba kinachojengwa kwa kodi yangu kitapangishwa kwa mwenzangu, ambaye naye atajenga cha tatu. Sisi wapangaji ndio tunaoujenga mji huu.

Bujora iko Wilaya ya Magu, jirani na Kisesa, kilomita kama ishirini kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Wenye kipato kidogo wanafika huku kwa hesabu rahisi. Mjini kati hawawezi. Wakijaribu Mabatini au Bugarika wanakuta sheria ya milima ya Mwanza: kadiri unavyopanda mawe ndivyo kodi inavyoshuka, lakini kila dumu la maji linapanda na wewe, kwa kichwa chako au kwa malipo. Wanasogea Nyakato, wanasogea Igoma, mwisho wanashuka kwenye daladala Kisesa na kuuliza njia ya Bujora. Wanachookoa kwenye kodi sehemu yake inaliwa na nauli, na asiyepiga hesabu ya nauli ya siku ishirini na sita kabla ya kukubali chumba atajuta katikati ya mwezi.

Anayekuja kutafuta chumba hapa ningemshauri aanzie kwenye makumbusho. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa Bujora mwaka 1968 na Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Watu huenda kutazama ngoma za watemi na, mwezi Juni, sherehe ya Bulabo, pale vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinaposhindana kucheza mpaka vumbi lifunike uwanja. Mimi nilisimama zaidi kwenye nyumba ya msonge, ile ya duara yenye paa la nyasi. Ukiinama kuingia, unaelewa kwamba nyumba hii haikuhitaji fedha. Ilihitaji miti, nyasi, kamba, na watu.

Watu ndio walikuwa kitu kigumu kupata. Zamani mgeni aliyehamia Usukuma alikwenda kwa ng'wanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, naye akampa itongo, eneo la kujenga na kulima. Hakununua. Akihama, ardhi ilirudi, akapewa mwingine. Lakini bure hiyo ilikuwa na masharti. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa ngoma na chakula. Mgeni alitarajiwa kuitika wito. Aliyesusa kazi za wenzake alisuswa naye, na mtu aliyesuswa ataezekaje paa peke yake?

Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kaya zilizotawanyika, kila moja na boma lake la minyaa na ng'ombe wake, zilisogezwa na kupangwa kwa mistari. Wengi walilia wakati ule. Leo wajukuu wao waliobahatika kuwa karibu na barabara wamekata viwanja vyao vipande, wakainua fremu za maduka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Neno kaya halijafa. Ndani ya uzio mmoja unamkuta bibi mwenye nyumba, mwanawe na mkewe, ndama mmoja, na wapangaji wanne wasiohusiana, na bibi anapohesabu watu wa kaya yake anawahesabu wote.

Ndiyo maana dalali hasaidii sana huku, pamoja na kwamba atakudai kodi ya mwezi mzima kwa kukutembeza jua kali. Tuseme chumba ni elfu thelathini na tano. Miezi sita ni laki mbili na elfu kumi, ongeza ya dalali, unafika laki mbili na arobaini na tano kabla hujanunua godoro. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo bei ni mapatano ya wawili. Na mapatano ya Kisukuma hayaanzi na bei.

Nilirudi kwa yule mama siku ya pili, bila dalali.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola."

Akanipa kigoda. Akauliza nyumbani kwetu ni wapi, baba yangu ni nani, nasali wapi, mke wangu atakuja lini. Mtu wa mjini angeona anapelelezwa. Nilijibu yote, nami nikauliza mavuno ya mpunga yalikuwaje. Kwenye jiwe pana pembeni ya nyumba michembe ilikuwa imeanikwa, vipande vyembamba vya viazi vikikauka na kujikunja, na mjukuu alikuwa amewekwa na fimbo awafukuze mbuzi. Baada ya nusu saa hivi nikasema kwamba ninayo ya miezi mitatu, laki na elfu tano, na ya mitatu mingine nitaileta. Akatazama rundo lake la matofali muda mrefu kidogo.

"Itafika kwenye lenta," alisema. "Haya. Lete."

Gharama nyingine hazimo kwenye bei. Umeme ni mita moja ya LUKU kwa kaya nzima: tunachangia sawa, na mwenye pasi anajulikana, mwenye friji ananung'unikiwa. Choo ni kwa zamu, na zamu ya kuosha imeandikwa kwa mkaa ukutani. Mwenyekiti wa kitongoji anataka akujue, na ulinzi wa usiku una mchango wake. Ulinzi huo umetokana na Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msiba nao una daftari. Sikuwa nimemaliza wiki tatu tangu nifike, jirani wa nyumba ya nne akafiwa, na kijana akaja na daftari lenye jina langu tayari limeandikwa, mahali pa kiasi pakiwa wazi. Mpangaji mwenzangu alijifungia ndani akidhani ni mambo ya wenyeji. Hakuna aliyemgombeza. Mwezi uliofuata aliugua malaria usiku, akatafuta mtu wa kumwitia bodaboda, na ilimchukua muda.

Jambo moja la kiufundi: chumba kitafutwe wakati wa mvua. Machi na Aprili bati linasema ukweli, na njia ya kufika barabarani inaonekana kama ni njia au ni mto. Mimi nilipata Julai, kukiwa kukavu, na ndoo yangu ya kwanza ya vuli niliiweka katikati ya kitanda.

Fundi kweli alirudi Jumatatu ile. Kuta zikapanda, zikafika kwenye lenta kama mama alivyokisia, zikasimama. Oktoba nikampelekea ile miezi mitatu iliyobaki, kuta zikafika juu. Januari, wakati wa ada za wajukuu, alikuja mwenyewe mlangoni kwangu na sahani ya michembe iliyochemshwa na karanga, akakaa. Tuliulizana hali, tukamaliza. Nikamwambia safari hii ninayo ya miezi miwili tu.

"Miezi miwili," alisema, akikunja vidole. "Hiyo ni bati mbili. Na misumari."

Akageuka kutazama ule ukuta usio na paa, kisha akaniuliza kama najua kupanda ngazi.