Mgeni aliyechaguliwa na wenyeji



Majuzi nilikuwa na jumuiya ndogondogo moja hapa Bonde la Kilombero, ikichagua viongozi wake. Likatajwa jina la baba mmoja, Msukuma aliyehamia kwetu miaka mingi iliyopita. Analima mpunga kama sisi na hakosi sala za jumuiya. Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Baba Paroko, huyu ni mtu mwema, lakini si wa hapa." Jina likaishia hapo. Nami sikusema neno.

Njiani kurudi Ifakara nilimkumbuka Derek Bryceson, ambaye vijana wengi hawajapata kumsikia. Alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa China mwaka 1922. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani. Akiwa na miaka 19 ndege yake ilianguka, akaumia uti wa mgongo, na madaktari wakamwambia hatatembea tena. Alijifundisha kutembea kwa fimbo, akasoma kilimo Cambridge, akaja Kenya, halafu Tanganyika, akalima ngano chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mlowezi wa namna hiyo angeweza kukaa upande wa watawala. Yeye alisimama na TANU. Katika uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Sharti hilo liliwauma wengi, hadi Mwalimu Nyerere alipowashawishi wenzake huko Tabora wakubali kushiriki. Bryceson aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU, na baadaye akawa waziri, ikiwemo wizara ya kilimo.

Lakini kiti kile cha kwanza kilikuwa cha Mzungu kwa mujibu wa sheria. Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1965, viti vya rangi vikiwa vimekwisha kufutwa. Wapiga kura wa Dar es Salaam walikuwa huru kumwambia, "Wewe si wa hapa." Badala yake walimpa ushindi mkubwa. Katika uchaguzi huohuo majirani zetu wa Morogoro walimchagua Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Ni miaka minne tu ilikuwa imepita tangu uhuru, na kumbukumbu ya kudharauliwa kwa rangi ilikuwa bado mbichi. Hata hivyo, wazee wetu waliuliza kwanza mtu anafanya nini, si ametoka wapi.

Bryceson alidumu kuwa mbunge wa Kinondoni, na mwaka 1972 akapewa pia kuongoza Hifadhi za Taifa. Mwaka 1975 alimwoa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Saratani ilimchukua mwaka 1980. Simtangazi kuwa mtakatifu. Nasema tu kwamba aliifanya nchi ya ugenini kuwa yake, na wenyeji wakamwamini.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli wapande bustani na kuutafutia amani mji ule, kwa maana amani yake ndiyo amani yao (Yer 29:5-7). Hilo ndilo deni la mgeni. Mwenyeji naye ana deni lake: kitabu cha Walawi kinaagiza mgeni apendwe kama mzaliwa, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni Misri (Law 19:33-34).

Nayajua machungu ya bonde letu. Nimewaona akina mama wakilia pembeni ya mashamba yaliyoliwa na ng'ombe usiku. Aliyekosa awajibike na alipe, awe mfugaji au mkulima. Ila kosa lina mwenyewe. Tusimbebeshe kila aliyehamia. Na tukumbuke kwamba Injili yenyewe tuliletewa na wageni. Wamisionari kutoka Uswisi walitibu wagonjwa wetu hapa Ifakara, na wengine tumewazika katika udongo wetu. Nani atasimama juu ya makaburi yao aseme hawakuwa wa hapa?

Yule mzee simlaumu sana. Alisema alichokiamini. Mimi niliamini tofauti, nikanyamaza. Juma hili nitarudi kwenye ile jumuiya, nimwombe radhi yule baba mbele ya wote, kisha tulizungumze upya suala la uongozi. Wakimkataa, wamkatae kwa matendo yake.

Nawaombea Jumapili njema. Nami mniombee.