Mwanao Mwanajeshi Akiwa Wodini

Baada ya shambulio la El Adde, Somalia, mwezi Januari 2016, wanajeshi wetu waliojeruhiwa walipelekwa Nairobi kutibiwa. Je, mama, ukiitwa hospitalini kwa ajili ya mwanao, ufanye nini?

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. Usifungue bendeji wala kupaka dawa ya kienyeji. Viini vikiingia, kidonda huchelewa kupona.

Pili, asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mgongoni, makalioni na visiginoni, kwa sababu damu haipiti vizuri pale mwili unapolalia. Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kumgeuza. Mara nyingi ni kila baada ya saa mbili. Ngozi ikibadilika rangi, mwite muuguzi upesi.

Tatu, akisema mguu uliokatwa unamuuma, usidhani amerogwa. Mishipa ya fahamu na ubongo bado hupeana habari za mguu ule. Maumivu ni ya kweli na yanatibika. Mwambie daktari.

Nne, usimlazimishe kusimulia vita. Akisema heri angalikufa, usimwache peke yake. Mwarifu muuguzi mara moja. Akitulia, mpe habari za nyumbani: miwa imefika wapi, ng'ombe yupi amezaa. Hapo atajua kwamba bado anangojewa.

Kwaherini, mama zangu, hadi kipindi kijacho.