Ufumaji Ufipa: Ufundi upo, kinachokosekana ni hesabu

MWEZI Juni ukiingia, mkazi wa Sumbawanga hahitaji kutangaziwa kwamba baridi imefika. Mji huo uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa miezi miwili au mitatu sweta si pambo, ni hitaji la kila nyumba.

Pamoja na hayo, mnunuzi anayekwenda sokoni hukutana kwanza na marundo ya mitumba, kisha sweta za viwandani zilizosafirishwa kutoka mbali. Sweta iliyofumwa hapo hapo Ufipa huonekana kwa nadra, tena mara nyingi kwa kuagizwa.

Si kwamba wafumaji hawapo. Kuna kina mama na vijana wengi waliojifunza kushika sindano shuleni, kanisani au kwa ndugu. Wengi huanza kwa ari, wakafuma sweta mbili tatu, kisha wakaacha wakisema kazi hiyo hailipi.

Je, ni kweli hailipi? Jibu linategemea unafuma nini, unamfumia nani na saa zako unazipa bei gani. Historia ya Ufipa yenyewe ina somo juu ya jambo hilo.

Wafipa walijivisha wenyewe

Kabla ya ukoloni, Ufipa na Bonde la Ziwa Rukwa lilikuwa moja ya maeneo mashuhuri kwa ufumaji wa nguo za pamba katika bara la nchi yetu. Wasafiri wa Ulaya waliopita huko, akiwamo David Livingstone mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, walikuta watu wanaolima pamba, wanaosokota uzi na kufuma nguo zao.

Pamba hupenda joto, hivyo bonde lililo chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa liliifaa kuliko uwanda wa juu. Uzi ulisokotwa kwa mkono kwa kutumia kijiti chenye kigurudumu kidogo chini yake. Kitanda cha kufumia kililazwa chini, kikashikiliwa kwa vigingi vilivyopigiliwa ardhini, na mfumaji akaketi mbele yake.

Nyuzi zilizotandwa kwa urefu huitwa mtande. Ule uzi unaopitishwa kwa upana, ukienda na kurudi, ni mshindio. Kila kitambaa kilichofumwa duniani, kiwe cha kiwanda kikubwa au cha kigingi cha Ufipa, kinatokana na mambo hayo mawili.

Nguo iliyopatikana ilikuwa nene na ya kudumu. Kwa nini basi ufundi huo ulififia?

Kilichoua ni saa, si ubora

Tangu miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Marekani walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mashine, ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Baadaye vikaja vitambaa vya India na vya Ulaya. Kadiri njia za usafiri zilivyoboreka, hasa baada ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914, nguo hizo ziliingia bara kwa wingi na kwa bei iliyokuwa ikishuka.

Mfumaji wa Ufipa alibaki na tatizo moja kubwa, nalo ni muda. Kusokota uzi kwa mkono huchukua saa nyingi kuliko kufuma kwenyewe. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilidai kodi, na wanaume wakalazimika kutafuta vibarua mbali na nyumbani. Saa walizokuwa wakikaa kwenye kitanda cha kufumia zikapata mnunuzi mwingine.

Kwa sababu ya kuwa mbali na pwani, ufumaji wa Rukwa ulidumu kuliko wa sehemu nyingine nyingi, hata ukaingia karne ya 20. Lakini mwishowe ulizidiwa.

Somo kwa mjasiriamali wa leo ni hili: usishindane na kitu rahisi kwa kutengeneza kitu kilekile polepole zaidi. Mtumba ndio merikani ya siku hizi.

Hesabu ya sweta moja

Tuchukue mfano. Bei zilizomo humu ni za kuonyesha njia tu. Wewe weka za dukani kwako.

Tuseme kilo moja ya uzi inauzwa Sh18,000, na sweta ya mtoto inakula gramu 300. Uzi ni Sh5,400. Ongeza vifungo na umaliziaji Sh600, jumla Sh6,000. Ukiiuza kwa Sh14,000, unabaki na Sh8,000.

Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini kama sweta hiyo umeifuma kwa sindano mbili kwa saa 20, umelipwa Sh400 kwa saa. Kwa siku ya saa nane hiyo ni Sh3,200. Linganisha na kibarua cha shamba kijijini kwako, utaelewa kwa nini wengi huacha.

Sasa tazama kofia ya mtoto mchanga. Inakula gramu 50 za uzi, yaani Sh900, na mfumaji mzoefu anaimaliza kwa saa mbili. Akiiuza Sh3,500 anabaki na Sh2,600, sawa na Sh1,300 kwa saa. Kitu kidogo kimemlipa mara tatu ya kile kikubwa.

Kwa anayetaka kufuma sweta kwa wingi, hasa za shule, njia ni mashine ya kufumia. Tuseme mashine inamwezesha kumaliza sweta ileile kwa saa nne, naye akaiuza Sh12,000 ili apate oda ya shule. Anabaki na Sh6,000, yaani Sh1,500 kwa saa. Ila kama mashine ilimgharimu Sh600,000, sweta 100 za kwanza zinarudisha fedha ya mashine tu. Asiye na uhakika wa oda hizo 100 asikimbilie kukopa.

Kujaribu bila kupoteza

Hesabu hizo zinaonyesha kwamba ubunifu si anasa, bali ni njia ya kutoka kwenye ushindani wa bei. Mtumba hauna jina la mtoto kifuani wala rangi za kwaya ya kigango. Hauna kofia, soksi na blanketi la mtoto mchanga vinavyofanana, vitu ambavyo wageni wanaokwenda kumwona mzazi hupenda kununua kwa pamoja.

Lakini majaribio yana gharama, na uzi ulioharibika ni fedha iliyopotea. Mambo manne yatakusaidia.

Kwanza, fuma kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 kabla ya kuanza kitu chenyewe. Hesabu vitanzi. Ukipata 18, basi mbele ya sweta yenye upana wa sentimita 40 itahitaji vitanzi 72. Hii inakuepusha na sweta inayombana mteja.

Pili, pima uzito. Peleka sweta iliyokwisha kwenye mizani ya dukani, andika gramu zake kwenye daftari. Mara ya pili utajua ununue uzi kiasi gani.

Tatu, nunua uzi wote wa vazi moja kwa mkupuo mmoja. Rangi ya kiwandani hutofautiana kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, na tofauti hiyo huonekana mkono wa sweta ukishaungwa na kifua.

Nne, jua uzi unaouziwa. Kata kipande kidogo ukichome kwa uangalifu. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Pamba hunuka kama karatasi. Usikubali kulipia bei ya sufu kwa uzi wa akriliki, wala usiupige akriliki pasi ya moto.

Wafugaji wengine huuliza kama kondoo wao wanaweza kutoa uzi. Kondoo wetu wengi wa asili wana nywele na si sufu ya kusokota, hivyo kwa sasa uzi ni wa kununua.

Mtande na mshindio tena

Mabaki ya uzi ndiyo mahali ufumaji wa kitambaa unapoweza kurudi. Kila mfumaji wa sweta ana mfuko wa vipande vya rangi mbalimbali asivyojua avifanyie nini. Vipande hivyo ni mshindio tayari.

Kuanza si lazima kununua mtambo. Fundi seremala anaweza kuunga mbao nne kuwa fremu ya sentimita 60 kwa 80, kisha apige misumari midogo juu na chini, kila sentimita moja. Tanda uzi imara wa pamba kutoka msumari wa juu hadi wa chini, huku ukiuvuta kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Chukua rula ya mbao, ipitishe juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, ipate kufungua njia. Pitisha mshindio, kisha usukume kwa kitana cha mbao. Safari ya kurudi, badilisha nyuzi za juu ziwe za chini.

Kosa la kila anayeanza ni kuvuta mshindio mno. Kitambaa huanza na upana wa sentimita 50 na kuishia 40, kikiwa na kiuno kama cha nyigu. Dawa yake ni kuulaza mshindio kama upinde kabla ya kuusukuma, usiwe umenyooka.

Fremu hiyo inatoa foronya za mito ya makochi, mikoba na vitambaa vya meza. Vitambaa vya nguo chakavu vilivyokatwa utepe hutoa zulia dogo la mlangoni. Ukiona soko linakubali, ndipo ufikirie kitanda cha kufumia cha kukanyaga kwa miguu, ambacho hutoa kitambaa kirefu na kwa kasi zaidi.

Kuhusu pamba, mkulima wa bonde asije akapanda mbegu kwa kusikia habari hizi. Kusini mwa Tanzania kumekuwa na karantini ya zao hilo kwa ajili ya kuzuia funza mwekundu. Uliza kwanza kwa ofisa ugani au Bodi ya Pamba.

Wenzetu walivyofanya

Mjini Iringa, kituo cha Neema Crafts kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana kimewapa watu wenye ulemavu kazi za mikono, ufumaji wa vitambaa ukiwamo. Kina duka lake na mgahawa, hivyo mgeni anayekuja kunywa chai huondoka na bidhaa. Nanyuki, Kenya, nako kuna baridi kama ya Ufipa, na kikundi cha wanawake kilichoanza miaka ya 1970 kimejulikana kwa mazulia ya sufu ya kusokotwa kwa mkono.

Wote hao hawakushindana na bei ya kiwanda. Waliuza kitu ambacho kiwanda hakina, na wakakiuza mahali ambapo mnunuzi wake hupita.

Kalenda ya mfumaji mkulima

Kwa mkulima wa Ufipa, kalenda ni rafiki. Mahindi na maharage yakishaingia ghalani, Agosti hadi Oktoba mikono ina nafasi. Huo ndio muda wa kufuma sweta za shule zitakazouzwa Januari shule zinapofunguliwa. Nenda kwa mwalimu mkuu mwezi Septemba ukiwa na sampuli ya rangi ya shule yake, usingoje Desemba wakati mvua imeanza na jembe linakuita. Kofia na shali za baridi zifumwe jioni wakati wa masika, ziwe tayari Mei.

Kwa mafunzo na ushauri wa mashine, ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, ipo Sumbawanga. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuuliza halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Kabla ya kuomba mkopo, nunua daftari. Kwa kila kitu utakachofuma andika gramu za uzi, saa ulizotumia na bei uliyouzia. Baada ya vitu kumi, daftari litakuambia kipi uendelee nacho na kipi uache. Wazee wetu walikuwa na mikono hodari kuliko yetu. Hatuna budi kuongeza hesabu juu ya ufundi waliotuachia.