Alama ya Kalibu na Ufa: Namna ya Kuzipambanua Katika Injini za Zamani



Mwanamke aendaye sokoni kununua chungu hakitazami kwa macho tu. Hukiinua, akakigonga kwa kidole, akasikiliza. Kikitoa sauti ya kuziba hukirudisha, maana ajua kwamba pana ufa, ijapokuwa hauonekani. Lakini akiona mstari uliochorwa na ukucha wa mfinyanzi kabla chungu hakijachomwa, hashtuki. Ajua kupambanua alama ya kuzaliwa na jeraha. Maarifa hayo hayo yatakiwa kwa fundi wa injini za zamani, na ndiyo nitakayoyaeleza leo.

Injini nyingi za zamani zilikuwa na pande kubwa la chuma cha kusubu lenye silinda ndani yake. Viwanda viliacha kuzitengeneza zamani sana, na pande jingine kama hilo ni shida kulipata. Kwa hiyo fundi aweza kukosea kwa njia mbili. Akidhani ufa ni alama tu, ataifunga injini, na maji yatapenya yaharibu mafuta na vyuma vya ndani. Akidhani alama ni ufa, atatupa kitu kizima. Au vibaya zaidi, atakichomelea. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini si chepesi kupindika; kikipata moto mkali mahali pamoja, huku kwingine ni baridi, hupasuka. Hivyo mponyaji huyo atatia ugonjwa mahali palipokuwa na afya.

Yatupasa kwanza kujua pande hilo lilizaliwaje. Hufanywa kalibu ya mchanga yenye sehemu mbili au zaidi, na ndani yake hutiwa viini vya mchanga uliogandamizwa, ili kuacha nafasi za silinda na njia za maji. Kisha chuma kilichoyeyuka humiminwa. Kikipoa, mchanga huvunjwa na kutolewa.

Kazi hiyo huacha alama zake. Mahali sehemu mbili za kalibu zilipokutana huonekana mstari ulioinuka. Kiini cha mchanga kikipasuka kwa joto, chuma huingia katika mpasuko huo, na hutokea mshipa mwembamba uliotuna kama mshipa wa mkono wa mzee. Hewa ikinaswa ndani ya chuma, huacha vishimo vya mviringo vyenye kuta laini. Na mikondo miwili ya chuma kilichoanza kupoa ikikutana bila kushikana barabara, huacha mfuo wenye kingo za mviringo.

Ufa una tabia nyingine. Ufa haukuinuka, ni nafasi tupu iliyoingia ndani. Kingo zake ni kali, huenda kwa kupindapinda, na mwisho wake hufifia kama unywele. Mara nyingi huacha kutu au uchafu mweupe wa maji yaliyovuja. Tena hauheshimu kazi ya mashine: alama ya kalibu iliyotuna hukatwa pale uso wa chuma uliposawazishwa kwa mashine, lakini ufa hupita sehemu iliyosawazishwa na isiyosawazishwa, bila kujali.

Jambo la tatu ni mahali. Tuchukue mfano wa injini ya Ford V8, iliyotolewa Marekani mwaka 1932, nayo iliendelea kutiwa katika motakaa za Ford huko mpaka mwaka 1953. Silinda zake nane zilisubiwa pamoja katika pande moja. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na hapo mwanzo mapande mengi yalikataliwa kiwandani. Valvu zake zimo ndani ya pande lenyewe, karibu na silinda, na moshi wa moto hupita humo humo kabla ya kutoka nje. Kwa hiyo fundi mzoefu hutazama kwanza baina ya kiti cha valvu na silinda, kisha penye matundu ya boliti, maana ndipo joto linapotesa chuma. Katika nchi za baridi hutazama pia ukuta wa nje wa njia za maji. Maji yakiganda huongezeka: vibaba 11 vya maji huwa karibu vibaba 12 vya barafu, na chuma hakina nafasi ya kuyapisha.

Macho yakishindwa, yako majaribio. Kugonga na kusikiliza husaidia kwa kitu chepesi, lakini pande la injini lina kuta nene na nyembamba, na sauti yake yaweza kudanganya. Njia ya kale ni hii: safisha chuma mpaka king'ae, kipake mafuta ya taa mbali na moto, ngoja kidogo, kipanguse kikauke kabisa, kisha kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka polepole na kuchora mstari katika weupe wa chaki.

Njia ya pili ni sumaku. Mwaka 1922 William Hoke, huko Marekani, aliona kwamba vumbi la chuma lililokuwa juu ya kitu kilichoshikwa kwa sumaku lilijipanga kufuata nyufa zake. Tangu hapo mafundi hunyunyiza unga wa chuma juu ya pande lenye sumaku, nao hukusanyika penye ufa. Sumaku hugeuzwa na kujaribiwa kwa upande wa pili pia, kwa kuwa ufa unaolala sambamba na nguvu ya sumaku hauonekani vema. Jaribio hili halifai kwa alumini.

Lakini hakimu wa mwisho ni jaribio la kuvuja. Njia za maji huzibwa, hewa hutiwa kwa nguvu ya kadiri, na pande huzamishwa katika maji ya moto. Povu likitoka, pana njia; lisipotoka, hapavuji. Kumbuka kwamba hata kosa la kalibu laweza kuvuja, na ufa mdogo waweza kutovuja leo ukavuja kesho, kwa sababu ufa hukua, na alama ya kalibu haikui.

Basi, kabla hujashika moto wa kuchomelea, jiulize maswali matatu: Je, mstari huu umeinuka au umeingia? Je, unapita uso uliosawazishwa kwa mashine? Je, upo mahali ambapo joto au barafu hutesa chuma? Saa moja ya kutazama yaweza kuokoa pande ambalo halitasubiwa tena.